Nguzo ya Kati

Mwezi uliopita tulimzika Kondo. Baada ya mazishi wajukuu zake walinikalisha barazani kwake, hapa Kisarawe, wakaniletea chai ya tangawizi na kipande cha mkate wa kumimina. Mmoja wao, binti mwenye adabu, akaniuliza, "Babu, wewe na marehemu mlijuana wapi?" Nikamjibu kwamba tulijuana kazini, enzi za Mwingereza. Akaridhika, akaenda kuosha vikombe. Nami nikabaki pale nikitazama viatu vya Kondo vilivyokuwa bado mlangoni, nikaona jibu langu lilikuwa fupi mno kwa mtu niliyekula naye sahani moja mwaka mzima. Mwenyezi Mungu amenipa umri mrefu, namshukuru. Lakini umri mrefu una mzigo wake, unabaki na habari ambazo wote waliozijua wamekwisha kulala chini. Ya ukoo wangu na ya kuzaliwa kwangu nayaacha, hayana tofauti kubwa na ya wengine. Nitaandika ya mwaka ule mmoja wa kambi ya daraja, na ya Fundi Mihambo, kwa sababu sasa hakuna mwingine wa kuyasema.

Kambi yetu ilikuwa upande wa Kwala, kwenye mto ambao kiangazi unauvuka bila kulowesha magoti, na mvua zikinyesha unabeba miti mizima. Serikali ilitaka daraja la zege mahali pale, lenye nguzo tatu. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni kwa maalimu wangu, nimehitimu Kurani na kusoma vitabu vichache vya fikihi na hadithi, na shule ya serikali nilikuwa nimesoma kiasi cha kuandika na kujumlisha. Nikapewa ukarani wa stoo. Kondo alikuwa msaidizi wangu, Mzaramo mwenzangu, na chumba chetu ndicho kilichokuwa stoo yenyewe. Kilikuwa cha udongo na makuti, mifuko ya saruji imepangwa hadi karibu na paa, na sisi tumebakiwa na nafasi ya kutandika mikeka miwili. Vumbi la saruji lilikuwa kila mahali, kwenye nywele, kwenye sufuria, kwenye kurasa za msahafu wangu nilioufunga kwa kitambaa. Kondo alikuwa akisema, "Maalimu, sisi tukifa wasituoshe na maji. Tutaganda." Maalimu ndilo jina alilonipa tangu siku ya kwanza, na hadi anakufa hakuniita jingine.

Bwana mkubwa wa zege pale kambini, kwa maana ya kazi si ya cheo, alikuwa Fundi Mihambo. Alikuwa Mnyamwezi kutoka bara, mtu wa makamo, mikono yake mipana na iliyopasuka kwa chokaa na saruji. Sisi na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, na kwa mtani hakuna shikamoo ya unyenyekevu. Asubuhi akipita mlangoni kwetu alikuwa akiugonga kwa koleo na kusema, "Wazaramo, amkeni. Au ngoma ya mwali imewavunja viuno?" Kondo naye, kabla hajafumbua macho, "Afadhali ngoma yetu kuliko nyie mliokuja pwani mmebeba pembe za watu, mkasahau njia ya kurudi." Mihambo alikuwa akicheka kwa kifua, sauti ya chini isiyokwisha upesi. Alikuwa hana msikiti wala kanisa, na hilo lilinisumbua, kwa sababu nilikuwa kijana na nilidhani nawajua watu wema kwa alama zao. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia ndiye aliyetupikia uji wa futari. Aliupika wa mtama, akaukamulia ukwaju, akauweka kwenye kivuli cha stoo na kuufunika kwa karai ili nzi wasiuguse, kisha akaondoka bila kungoja kushukuriwa. Tulifuturu uji wake na muhogo wa nazi kwa mwezi mzima, na hadi leo ukwaju ukinigusa ulimi namkumbuka.

Lakini kabla ya Ramadhani kulikuwa na vuli, na vuli ndiyo iliyomchukua Pazi. Pazi alikuwa kibarua, kijana wa kijiji cha jirani, mtoto pekee wa mjane aliyeitwa Bi Tausi. Siku ile walikuwa wanachimba msingi wa nguzo ya kati. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko, sisi kwetu jua lilikuwa linawaka. Maji yalikuja bila kelele kubwa. Wengine walipanda, Pazi akarudi kuchukua sululu, kwa sababu kibarua aliyepoteza sululu alikatwa mshahara. Mihambo alimfikia mkono, akaushika, na mkono ukamponyoka. Tulimtafuta kutwa, na kutwa iliyofuata, hadi mbali huko mto unakokutana na matope na matete. Hakuonekana. Tulimswalia swala ya asiyekuwepo, nami nilikuwa nyuma ya imamu, na niliposalimia kulia nikamwona Bi Tausi amekaa peke yake chini, mikono imelala mapajani viganja juu, kama mtu anayengojea kupewa kitu.

Kiangazi kilipofika nguzo zikamwagwa. Masika yakapita juu yake, zikasimama. Ndipo akaja bwana mpimaji. Alikuwa Mwingereza kijana, mwembamba, mwenye miwani, msemaji wa Kiswahili cha kitabuni ambacho Kondo alikiigiza kila jioni. Alileta chombo katika sanduku la bati, cha kwanza cha namna ile kuonekana sehemu zetu, na jenereta ya kukilisha umeme. Chombo kilikuwa na kioo cha mviringo, na ndani ya kioo mstari wa kijani uliotetemeka. Kutoka kwenye sanduku zilitoka nyaya mbili, kila waya una kichwa cha chuma mwishoni. Kichwa kimoja kilibandikwa upande huu wa nguzo kwa grisi, cha pili upande wa pili. Kimoja kilipiga sauti ambayo sikio la mwanadamu haliisikii, ikapenya zege, cha pili kikaipokea, na kioo kikaonyesha imechukua muda gani njiani. Zege likiwa zima sauti hupita haraka. Likiwa na uwazi ndani, sauti hulazimika kuuzunguka, ikachelewa. Bwana mpimaji alihitaji watu wawili wenye mikono tulivu, akatuchukua mimi na Kondo. Tulisimama pande mbili za nguzo, kila mmoja na kichwa chake, hatuonani. Kondo aliuliza, "Tayari, Maalimu?" nami nikajibu, "Tayari," na bwana akasoma.

Nilidhani atasoma mara moja na kwenda zake. Hakufanya hivyo. Mahali palepale alisoma mara nyingi, akisogeza vichwa kidogo tu, na kila mara jibu lilikuja tofauti kidogo. Nikamwuliza, "Bwana, chombo kimeharibika?" Akasema hapana. Ndani ya zege mna kokoto, na kila kokoto hurudisha mwangwi wake, na jenereta nayo ina kelele zake. Sauti moja ikipita, huwezi kujua lipi ni neno la nguzo na lipi ni porojo la kokoto. Lakini ukisogeza kichwa, porojo hubadilika kila mara, na neno la kweli hubaki pale pale. Basi unauliza tena na tena, unachora nukta kwa kila jibu, juu ikiwa sauti imewahi, chini ikiwa imechelewa, na nukta zitajikusanya zenyewe penye ukweli, kama kuku penye mtama. Na kwanza kabisa tulipima nguzo ambayo hakuna aliyeitilia shaka, tukaipima kwa siku kadhaa, ili tujue nguzo nzima husema uongo kiasi gani. Hilo lilinistaajabisha. Kule chuoni maalimu wangu alitufundisha kwamba habari iliyoletwa na mtu mmoja huipimi sawa na habari iliyoletwa na watu wengi kutoka njia nyingi, wasiokutana wakapanga. Nilipomweleza bwana mpimaji, alivua miwani, akaifuta, akasema angependa sana kukutana na maalimu wangu. Maalimu alikuwa amekwisha kufariki.

Nguzo ya kwanza ilikuwa nzima, na ya tatu vilevile. Tulipofika ya kati, chini kidogo ya kimo cha kifua cha mtu, nukta zilianguka. Hazikuanguka mbili tatu, ambazo ungesema ni mwangwi wa kokoto, zilianguka zote pamoja. Bwana akatuhamisha, tukapima juu yake, chini yake, mbavuni, tukarudia kesho yake jenereta ikiwa mbali. Nukta zikasema vilevile. Mihambo alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akitutazama. Kondo akamwambia, "Mnyamwezi, nguzo yako ina njaa. Tumbo lake tupu." Mihambo hakucheka. Akasema, "Fungeni swaumu yenu, mniache," akasimama, akaenda.

Ofisi iliyosimamia ujenzi ilituma mtu wake. Walikaa chini ya turubai, mimi nikiwa pale kuwaandikia vipimo, na mtu wa ofisi akamwuliza Mihambo siku ya kumwaga nguzo ile kulitokea nini.  Akaulizwa, mvua ilikatiza kazi? Saruji ilipungua? Vibarua walishindilia zege vibaya? Bwana mpimaji, ambaye hakuwa na shauri katika hukumu, alisema kwa upole, "Fundi, kama kuna sababu, sema." Mihambo alitazama mikono yake. "Halikushindiliwa sawasawa," alisema. "Zege ni langu. Kosa ni langu." Mtu wa ofisi alikunja karatasi zake. Tiba ya zege lisiloshindiliwa, alisema, ni kudunga matundu membamba na kusukuma ndani uji wa saruji mpaka ujae. Tiba ya fundi ilikuwa nyingine. Daraja kubwa lililokuwa linafuata, Mihambo alikuwa ameahidiwa kulisimamia, na hilo sote kambini tulilijua, kwa sababu alikuwa ameanza kutuuliza nyumba za kupanga, amlete mkewe. Sasa angemaliza wiki ile, aondoke, na jina lake lipelekwe kwenye kambi zote kwamba huyu hujenga nguzo zenye mapengo.

Sikuamini. Nilikuwa nimemwona akimwaga zege, akisimama ndani yake hadi mapajani na kuchoma kwa fito kila pembe. Jioni ile, tukingoja adhana, Kondo na mimi tuliziweka nukta zote kwenye karatasi moja, za kila upande na kila kimo, tukaunganisha zile zilizoanguka. Uwazi haukutawanyika kama zege bovu linavyotawanyika. Ulikuwa mmoja, wa mviringo, chini umevimba, juu umebana. Kondo aliugeuza mkeka wake, akakaa vizuri, akautazama mchoro muda mrefu. Akasema, "Maalimu, hiki ni chungu."

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Baada ya swala nilikwenda mtoni, na kama ilivyokuwa kila Ijumaa Bi Tausi alikuwa ukingoni, ameielekea nguzo ya kati. Siku zote nilidhani anautazama mto. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na wewe kumwamkia?"

"Kumwamkia nani, mama?"

"Pazi," alisema, kana kwamba nimeuliza jambo la mchana kweupe. "Si amelala pale."

Akanieleza bila kuficha, kwa kuwa alidhani watu wa kambini wote tunajua. Wazee wa kwao, mtu akipotea majini, walizika kitu alichokivaa, ili wafiwa wapate mahali pa kwenda. Alikuwa na kofia ya Pazi. Kuizika nyumbani hakutaka, Pazi hakufia nyumbani. Akamwendea Mihambo, kwa sababu mkono wa mwisho kumshika mwanawe ulikuwa wake. Akaiweka kofia katika chungu alichokuwa akimpikia, akakifunga kwa kitambaa cha sanda, na Mihambo mwenyewe akakilaza katikati ya zege, vibarua wakiwa wamekwenda kula. "Aliniambia, mama, hapa hapatoki mtu," alisema Bi Tausi. "Maji yaje yasije." Chuoni hatukufundishwa hivyo, na kama angeniuliza hukumu ningempa. Hakuniuliza. Nilikaa naye mpaka alipomaliza dua zake, nikasema amina.

Nilimkuta Mihambo anafunga mzigo. Nikamwambia najua. Hakushangaa, alinipa ndoo nikae.

"Waambie, fundi. Ukisema kuna chungu, jina lako litasafika. Watajua zege lako ni zima."

"Watajua," alisema. "Na wakijua kuna kitu cha kigeni ndani, watakitoa. Sheria yao ni hiyo. Watavunja na nyundo mpaka wakifikie, na kile chungu kitatupwa huko na kokoto. Zege bovu hawalivunji, wanalinywesha uji. Umesikia mwenyewe."

"Na nguzo? Itabeba?"

"Unadhani kwa nini nimekaa kimya siku zote hizi? Nilingoja nisikie tiba. Wangesema haitabeba, ningesema ukweli palepale, mama angelia tena, basi. Mimi si mwuaji." Akavuta kamba, akaifunga fundo. "Uji utajaza. Itabeba malori mpaka wewe uwe babu."

"Basi mwache Bi Tausi achague. Ni mwanawe."

Hapo ndipo alipokasirika, mara ile moja tu. "Umwambie mama aliyepoteza mtoto mara moja achague kumpoteza tena, au amfukuzishe mtu kazi? Hicho ndicho walichokufundisha?"  Kisha akaniwekea mkono begani, mzito, mkavu. "Mzaramo, kawahi uji wako. Jua linazama."

Walidunga matundu, wakasukuma uji wa saruji siku mbili. Tukapima tena, mahali palepale, mara nyingi kama desturi, na nukta zikapanda zikakaa pamoja na zile nyingine. Bwana mpimaji akasema nguzo ni nzima sasa. Asubuhi iliyofuata Mihambo alipanda treni ya bara. Kondo alimbebea sanduku hadi stesheni akimtukana njia nzima kwa uvivu, na Mihambo akamjibu, na mimi nikawafuata nyuma.

Bi Tausi alizipata habari kwa wanawake waliouza vitumbua kambini. Alikuja siku ileile, jua la saa sita, kanga imemtelemka kichwani asiirudishe. Akapita stoo, akapita turubai, akasimama mbele ya bwana mpimaji na kumwambia kila kitu, kwa Kiswahili cha polepole ili amwelewe. Mwisho akasema, "Vunjeni. Toeni chungu changu, mrudisheni yule mtu." Bwana mpimaji alimpa kiti chake mwenyewe, yeye akachuchumaa. Akamwambia uji umekwisha kuganda, umejaza kila kitu, hakuna cha kutoa tena. Kuhusu fundi, alisema atakwenda kuwaambia ofisini. Alikwenda, hilo namshuhudilia, na aliporudi uso wake ulikuwa mwekundu. Nafasi ilikuwa imepewa mwingine. Na mtu aliyeweka chungu ndani ya nguzo ya serikali kwa siri, walimwambia, ana kosa kubwa kuliko mtu asiyejua kushindilia. Miaka mingi niliwaza juu ya jibu hilo, na sasa katika uzee nakubali kwamba halikuwa la uongo lote. Ndiyo sababu linauma.

Vuli ilipoingia, Mnyamwezi mmoja aliyeshuka kwenye treni alituletea salamu za msiba. Mihambo alikuwa amefika kwao, akakaa, akalima kidogo, homa ikamshika, akafa. Hakuwa amepata tena kazi ya zege. Bi Tausi aliposikia alitandika mikeka nyumbani kwake, akaweka matanga. Majirani walimwambia kwamba marehemu hakuwa wa dini yetu, wala wa ukoo wake, na kwamba kaburi liko mbali. Akawajibu, "Mlipokaa kwa Pazi mliliona kaburi?" Wakakaa. Mimi sikumsomea khitma, sheria naijua, lakini nilikaa tangu asubuhi, nikala wali mkavu wa msibani na maharage, na kimoyomoyo nilimwachia Mola mambo yaliyo ya Mola.

Na msiba wa Mnyamwezi una haki yake kwetu. Watani lazima waje, watukane, wadai, waharibu kilio, la sivyo marehemu amezikwa kama mtu asiye na watu. Pale watani tulikuwa wengi, na hakuna aliyefungua kinywa. Kondo alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, macho mekundu. Bi Tausi akatoka ndani, akamtazama, akasema, "Na wewe unangoja nini?"

Kondo akasogea katikati ya mikeka. "Haya, wafiwa, tumekuja kudai," alianza, akakohoa, akaanza upya. "Amekufa Mnyamwezi. Mwizi wa mihogo yetu. Kaja pwani kujifanya fundi. Fundi gani? Kapewa nguzo tatu, moja kaijenga na tundu. Watu wazima wamekuja na mashine kutoka Ulaya, wamelisikia tundu. Fundi wa tundu. Msimlilie."

 Wanawake walimtazama Bi Tausi, wengi wao hawakuyajua yaliyo nyuma ya maneno yale. Yeye alikuwa amejiziba mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yanatikisika, nami niliyekuwa karibu sikuweza kujua kama ni kicheko au kilio. Alipoweza kusema, aliishusha kanga.

"Kondo mwanangu," alisema, "sema tena. Sema kwa nguvu. Walio nje hawakusikia."

Kondo akajipangusa uso kwa kofia yake, akawageukia walio nje, akasema tena.